Kamera ya Ngeleja na Ukuta wa Ushirika

Ijulikane kwa wakazi wote wa Bariadi, wakulima, wafugaji na wapita njia, kwamba Ngeleja, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni na Mpiga Picha Mkuu wa Likizo, amerejea nyumbani na kamera. Kamera yenyewe ilikuwa nzuri, na mfuko wake wa ngozi. Filamu haikuwamo.

Hilo la filamu alilijua yeye peke yake. Tangu afike alikuwa akiwapanga watu vibarazani, akiwainua videvu, akiwakataza kupumua, kisha akibonyeza. Wakampa karanga na maziwa mgando. Picha, aliwaambia, zitasafishwa shuleni.

Asubuhi moja shangazi yake, Veronica, akamwita kwenye ukumbi wa chama cha ushirika. Alikuwa karani pale tangu jengo likiwa jipya, miaka ya sitini, wakati pamba yote ilipitia ushirika. Sasa pamba ilinunuliwa na yeyote mwenye lori, na mmoja wa hao wenye malori alikuwa ameununua ukumbi. Mafundi walikuwa wamekuja kuvunja ukuta wa mbele ili magari yaingie.

"Mwangaluka, sengi," Ngeleja alimwamkia shangazi kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Nipigie huu ukuta kabla haujaanguka. Nataka niutundike nyumbani. Mtu asiwemo."

"Picha bila mtu?" aliuliza Malimi, msimamizi wa mafundi, akiwa ameegemea nyundo. "Hiyo si picha, hiyo ni tangazo la mnada."

"Watu nimewaona wa kutosha. Sogea, kivuli chako kinaingia."

Ngeleja akafumba jicho moja kwa heshima zote. Alikusudia kubonyeza mara mbili akanywe chai. Lakini kile kidirisha cha kamera kilimkata Malimi, kikakata lori na mbuzi, kikabakiza ukuta. Maisha yake yote alikuwa akiupita akiuona kama chekeche la matofali tu. Sasa aliona paa bapa la zege likitokeza mbele bila nguzo hata moja, kama kitu kilichosahau kuanguka. Chini yake jua lilipenya matundu ya matofali na kutandaza miraba ya mwanga sakafuni. Alipopiga magoti, miraba ikarefuka. Akabonyeza.

"Umeipata?" Veronica aliuliza.

"Bado, sengi. Moja nyingine."

Januarius, mpiga picha wa kweli, alikuwa na studio ng'ambo ya barabara, mlango wazi. Sentensi moja ingetosha: kamwiteni. Ila sentensi hiyo ingezaa maswali, na maswali yangefika kwa akina mama wa karanga. Ngeleja akasogea kulia. Akalala chali.

"Kijana," Malimi alisema, "hata ng'ombe wa mahari hatazamwi hivyo."

Akapiga nyundo. Matofali yakavunjika kama biskuti, mwanga ukaingia wote kwa mkupuo, na sakafu ikawa sakafu tu.

Veronica alijifuta vumbi kwa upindo wa kitenge, akanyoosha mkono. "Toa filamu. Basi la Mwanza linaondoka, nimpe kondakta aipeleke ikasafishwe."

"Hizi za shule, sengi, hufunguliwa gizani, mbele ya mwalimu."

Veronica akaichukua kamera na kuifungua mgongo. Jua likaingia ndani, lisiharibu chochote.

"Haikuwamo," Ngeleja alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu nitoke shuleni."

"Mtoto wa Joyness, uliyempiga juzi?"

"Hayumo."

"Bibi Nyanjige, niliyemwazima gauni langu apigiwe picha?"

"Naye hayumo."

Malimi aliishusha nyundo. "Na mimi, jana, na baiskeli?"

"Na wewe."

Veronica alitazama lile pengo. "Sasa ulikuwa unatazama nini muda wote huo, mpaka ukalala chini?"

"Ukuta," Ngeleja alisema. "Picha ya kwanza nilikuwa nakudanganya. Zilizofuata nilikuwa nautazama kweli. Na Januarius nilimwona pale mlangoni, sengi. Sikumwita kwa sababu ningegundulika."