Mashine Namba Tano

Fundi aliyeandika ramani ya kwanza ya kumbukumbu kwenye mashine zetu za kupumulia tunamwita Inatosha, maana ukimwuliza chochote hujibu hivyo. Ana mikono ya dhahabu na kichwa kigumu. Wiki ile nilitamani kumnyonga.

Mambo yalikuwa hivi. Mashine ikiwashwa, sekunde ya kwanza kabisa haijui kumbukumbu yake iko wapi. Kiini cha mfumo, yaani programu inayoiendesha mashine, hujiandikia ramani ndogo, ukurasa kwa ukurasa, ya kujivusha tu mpaka kiandike ile kubwa. Ramani ya Inatosha ilikuwa fupi. Orodha ya vifaa huwekwa popote penye nafasi, na ikiangukia nusu ndani ya ramani, nusu nje, kiini kinasoma ukurasa wa kwanza, kinautafuta wa pili, hakioni kitu, kinaganda. Mara tatu katika kumi. Skrini nyeusi, taa ya kijani inawaka, hewa hakuna.

Na kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama, alikuwa wiki ya pili kwenye mashine ya aina hiyohiyo, kitanda namba tano, akisinzia na kuamka. Ikiwa imewaka haina neno. Balaa ni kuizima na kuiwasha. Ijumaa saa nne asubuhi mafundi umeme wangekata umeme wa wodi nzima wabadilishe nyaya.

Siku tatu nililisaka kosa lile. Usiombe! Hatua ile hata skrini haijaamka, kwa hiyo nilikuwa naongea na taa: ipepese mara moja nikifika hapa, mara mbili nikifika pale. Nikiongeza mstari wa kupepesa taa, vitu vinasogea kidogo na mashine inawaka vizuri. Nikiutoa, inaganda.

"Si uuache tu huo mstari?" Inatosha akasema. "Kazi inafanyika."

"Ndugu yako yuko kwenye mashine?"

"Hayupo."

"Basi nyamaza."

Alhamisi mchana nikaipata. Tarakimu moja tu, ya urefu wa ile ramani! Nikaibadilisha, nikaizima na kuiwasha mashine ya karakana mara mia mbili, haikuganda hata mara moja. Nililia pale mezani bila aibu. Inatosha akaniletea maji.

Karakana yetu ina kanuni: wodini unaanza na mashine yenye betri mbovu kuliko zote, kwa sababu yenye betri nzima inaweza kusubiri. Kanuni hiyo niliiandika mimi, kwa mkono wangu.

Ijumaa saa tatu niliingia wodini na flashi yenye kiini kipya mfukoni. Mashine zilikuwa sita.

"Namba mbili betri imekufa tangu juzi," nesi akaniambia. "Ni yule mzee mwalimu. Tuanze naye?"

"Tuanze na tano."

"Tano betri yake nzima."

"Sista, nakuomba. Tuanze na tano."

Alinitazama mimi, akamtazama kaka, akajua. Zamu ile alikuwa peke yake, na mfuko wa kupumulia wa mkono ulikuwa mmoja. Akauunga kwenye mpira wa hewa uliokuwa kooni mwa kaka, akaanza kuminya. Nikaisimamisha mashine, nikachomeka flashi. Ilihitaji dakika sita.

Dakika ya nne taa za dari zikazimika. Mafundi umeme walikuwa wamewahi, sijui nani aliwaharakisha. Jenereta ilishika baada ya sekunde kumi, lakini namba mbili ilishazimika, na sasa ilikuwa inajiwasha upya kwa kile kiini cha zamani.

"Kimbia!" nesi akapiga kelele. Mikono yake isingeweza kumwacha kaka.

Nilikimbia. Skrini nyeusi, taa ya kijani. Nikasubiri, ikaganda. Nikazima, nikawasha, nikasubiri tena. Ikaganda. "Waka, tafadhali, waka," nilikuwa naisihi kwa sauti, mtu mzima mimi. Mara ya tatu ikawaka na kifua cha mwalimu kikaanza kupanda na kushuka, lakini moyo wake ulikuwa umesimama. Daktari alikuja mbio, akahangaika naye nusu saa, kisha akaangalia saa yake.

Mashine ya kaka iliwaka mara ya kwanza. Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi huku mzee wa watu anafunikwa shuka.

Binti yake alifika kabla ya saa sita. Akanishika mikono yote miwili.

"Dada, asante. Wameniambia ulikimbia kumwokoa baba."

Nesi aligeukia dirishani. Nikamwambia.

"Betri ya baba yako ilikuwa mbovu. Ilipasa nianze naye. Nilianza na namba tano, na namba tano ni kaka yangu."

Aliniachia mikono. Alikitazama kitanda cha kaka.

"Atapona?"

"Wanasema atapona."

"Hata mimi ningeanza na wangu," akasema. "Lakini mazishini usije."

Sikwenda. Siku ya mazishi nilikaa na kaka, ambaye alikuwa ameamka ingawa mpira haujatolewa kooni. Aliomba kalamu kwa ishara, akaandika polepole akiniuliza yule mzee wa namba mbili amehamishiwa wodi gani.