Kundi la Chini ya Goli la Kikapu

Arlys Tjaden aliwapanga watu wake chini ya goli la kikapu, akawahesabu. Kumi na wanne. Katika mkutano wa mchujo wa chama wa kumpata mgombea urais, huko Iowa, kura haikufichwa: kila mtu alisimama na kundi la mgombea wake, majirani wakimtazama. Jioni ile, katika ukumbi wa mazoezi wa shule, kundi lisilofikisha watu kumi na wanane lisingepata mjumbe hata mmoja wa kwenda mkutano wa kaunti.

Nje theluji ilifika magotini. Arlys, dereva wa basi la shule, alikuwa ametulia kama yuko jikoni kwake.

Duane, mdogo wa mumewe na kiongozi wa kundi kubwa la Seneta Lockridge, alimjia na sahani ya biskuti.

"Shemeji, njooni kwetu mapema. Marcia ameoka."

"Biskuti za mkeo nazijua, Duane. Ndiyo maana nimekula nyumbani."

Watu wakacheka, Duane naye akacheka.

"Huyo Gavana Whitcomb wako hata mbwa wangu hamjui."

"Mbwa wako hapigi kura. Rudi kwa watu wako kabla sijakuibia wawili."

Mwenyekiti akatangaza nafasi ya kuhama kundi. Ng'ambo ya ukumbi walisimama watu saba wa mgombea mwingine, nao wamepungukiwa. Aliyewaongoza alikuwa Ione Rasche, muuguzi. Yeye na Arlys hawakuwa wamesemezana tangu shule ya kijijini kwa kina Ione ilipofungwa. Arlys akavuka ukumbi moja kwa moja.

"Umepotea njia?" Ione akauliza.

"Sijapotea. Nimekuja kwako."

"Wewe ndiye uliyesema shule yetu ifungwe."

"Nilisema, na leo ningesema vilevile. Paa lilikuwa linavuja juu ya watoto. Lakini kufungwa kwa wodi ya wazazi ya hospitali yetu kulinikera kama kulivyokukera wewe. Sikuombi unipende, Ione. Lete watu wako, na mjumbe uwe wewe."

Ione akamkazia macho. Kila mtu pale alijua Arlys amezunguka mashambani tangu kiangazi akiitafuta nafasi hiyo ya ujumbe.

"Mimi, niende kwa jina la gavana wako?"

"Nenda mkutano wa kaunti ukaulizie wodi. Mimi najua mabasi tu. Wewe umezalisha nusu ya watoto ninaowabeba."

Ione akageuka, akanong'onezana na wenzake. Mzee mmoja alielekea kwenye biskuti za Marcia. Waliobaki wakamfuata Ione hadi chini ya goli, na mwenyekiti alipohesabu, kundi likatosha na kuzidi.

Gavana Whitcomb alishindwa vibaya jimboni, akajitoa hata kabla jimbo lililofuata, New Hampshire, halijapiga kura zake za mchujo. Duane hakukawia kupiga simu.

"Pole, shemeji. Farasi wako amekufa."

"Gavana amekwenda, mjumbe yupo, naye sasa yuko huru. Na nasikia seneta wako anamhitaji kila mjumbe wa kaunti hii."

"Ione atakubali kuja kwetu?"

"Muulize mwenyewe. Ila mwambie seneta aje na jibu la wodi, siyo biskuti."

Siku ya Alhamisi Seneta Lockridge mwenyewe alimpigia Ione simu. Ione alikuwa akimfunga mgonjwa bendeji, akamwambia asubiri. Seneta akasubiri.