Mfuko wa Suruali ya Gyu-cheol

Mfuko ulipotea Jumapili, na kufikia Jumatano Pil-rye alikuwa ameshagombana na nusu ya kanisa.

Kwa mtu mwingine ulikuwa kitambaa tu, cha buluu, chenye kamba nyeupe ya kufungia. Pale kijijini Solgol, huko Korea, kila mwanamke Mkristo alikuwa na wake. Akitaka kupika, kabla hajaosha mchele, huchota konzi moja akaitia mfukoni. Hiyo konzi si yake tena, ni ya Mungu. Jumapili huubeba mfuko hadi jikoni mwa kanisa, humimina mchele kwenye mtungi mkubwa, kisha mfuko hurudi nyumbani mtupu. Mchele wa mtungini hupelekewa wenye njaa, na ni nani hao, haulizi mtu. Mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kulia. Ndivyo mama zao walivyofanya, na wao wakafuata.

Lakini mfuko wa Pil-rye aliushona kwa suruali ya shule ya mwanawe. Gyu-cheol alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, anasukuma baiskeli kando ya barabara akitoka shule, pale Tak Pan-dol alipokuja na pikapu yake, amelewa chakari. Pil-rye hakuwa na mtoto mwingine. Pan-dol alifungwa, na alipotoka watu walisema amekwenda zake Busan kufanya kazi melini. Pil-rye alijibu, "Na akae hukohuko, amina." Huyo mtu akafutika duniani kwake. Kilichobaki ni mfuko, na sasa mfuko nao umepotea!

Jumapili ile mtungi ulikuwa umejaa pomoni. Akauacha mfuko wake mezani, kamba imefungwa, akakimbilia sufuria ya supu iliyokuwa inataka kufurika. Aliporudi, mfuko haupo.

"Utapatikana tu," mumewe In-bae alimwambia. Huyo ndiye mzee wa kanisa aliyekuwa na dhamana ya mtungi. Alisema hivyo Jumapili, akarudia Jumatatu, na Jumanne akasema bila hata kumtazama usoni.

Jumatano wanawake walikuwa kanisani wakitengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha, ya majira ya baridi. Mal-suk, mkuu wa jikoni, alikuwa anapaka kabichi pilipili kwa mikono mitupu. Mal-suk ni mwema, lakini siri haikai kifuani mwake hata ungeifunga kamba.

"Mama Shemasi, hebu tulia," alimwambia Pil-rye. "Kila mtu umeshamwita mwizi. Bado paka tu. Labda mzee wako aliubeba hivyohivyo bila kuumimina, maana ilikuwa inanyesha. Atakuwa ameuacha kule juu."

"Kule juu wapi?"

Mal-suk akajiziba mdomo kwa kiganja. Alisahau kwamba kiganja chenyewe kimejaa pilipili. Machozi yakamtoka, akawa anatema mate na kurukaruka, na katika kurukaruka huko akasema, "Kwenye nyuki! Kwenye mizinga ya nyuki!"

"Nyuki wanakula mchele siku hizi?"

Hakucheka mtu. Hilo ndilo lililomshtua Pil-rye. Wanawake kumi na zaidi, wenye midomo isiyojua kufungwa, na wote wameinamia kabichi kama wanaosali. Akavua aproni, akatoka.

Njia ya mizingani aliijua, ingawa kwa miaka hakuipita. In-bae alipanda huko kila Jumapili alasiri. "Nakwenda kuangalia nyuki," basi, na mke gani atawaonea wivu nyuki? Mizinga ilikuwepo kweli. Ila mbele yake, palipokuwa na banda la zamani la kukaushia tumbaku, moshi ulikuwa unatoka. Pilipili zimeanikwa juu ya mkeka. Viatu jozi moja vimepangwa mlangoni. Na kwenye ubaraza wa mbao umekaa mfuko wa buluu, umefuliwa, umejaa, kamba imefungwa vizuri.

"We!" Pil-rye alisema peke yake. Akaukwapua. Ndio wenyewe: pale palipokuwa na mfuko wa nyuma wa suruali, na hapa kiraka cha gotini, kwani mtoto yule alikuwa haanguki ila kwa goti la kulia.

Mlango ukasogea. Akatoka mwanamume mkondefu, mvi tupu, na bakuli mkononi. Akamwona. Bakuli likaanguka. Na mtu yule akashuka kutoka ubarazani akapiga magoti mchangani, paji la uso likagusa ardhi.

"Mama Gyu-cheol," alisema.

Tangu mazishi hakuna aliyemwita hivyo. Watu walimwonea huruma, wakambadilishia jina, akawa Mama Shemasi kwa wote, hata kwa mumewe. Na sasa jina lake linatoka kwenye kinywa hicho, kinywa cha Tak Pan-dol. Miaka yote Pil-rye alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia mtu huyu siku wakikutana, mengine mabaya kiasi kwamba aliyatubu kabla hajayasema. Yote yakayeyuka.

"Hukwenda Busan?" ndilo lililomtoka.

"Sikwenda."

"Nani anakulisha?"

Pan-dol aliinua macho kidogo tu, akautazama mfuko.

Pil-rye alishuka mlima nusu anakimbia, mfuko kaukumbatia, anaongea mwenyewe njia nzima. Alimkuta In-bae uani anamenya vitunguu saumu. In-bae aliuona mfuko, akakiweka kisu chini.

"Tangu lini?" Pil-rye aliuliza.

"Tangu alipotoka."

"Miaka yote hiyo! Unaniambia unakwenda kwenye nyuki!"

"Nyuki nao niliwaangalia."

"Usinitanie, mzee! Usithubutu! Konzi yangu mimi, ninayoichota kwa mkono huu huku namlilia mwanangu, inaingia tumboni mwa Pan-dol? Kijiji kizima kinajua, mimi ndiye mjinga?"

"Imeandikwa, adui yako akiwa na njaa..."

"Nyamaza! Hiyo aya unanisomea mimi? Mimi niliyewafundisha watoto wa shule ya Jumapili, kwa wimbo na makofi? Niliifundisha, In-bae. Sikusema nitaitenda!"

Alisikia mwenyewe alichokisema. Kilikuwa kimeshatoka, na jirani alikuwa kwenye ukuta anajifanya kuanua nguo.

"Na mkono wa kushoto usijue," aliendelea kwa sauti ya chini. "Kumbe mkono wa kushoto ndio mimi. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa ukinikataza, nitakubali." In-bae alijifuta mikono kwenye suruali, polepole. "Unadhani mara ya kwanza nilipanda na mchele? Nilipanda na shoka. Nilisikia amerudi, nikasema leo ndiyo leo. Nikamkuta anachemsha majani ya kabichi, yale ya nje tunayotupa. Aliliona shoka. Hakukimbia, alisogea tu ili sufuria isije ikamwagika nikimpiga. Nikarudi chini, nikaenda mtungini. Wenzangu nikawaomba wafunge midomo."

Pil-rye alimwangalia mumewe, mtu anayeomba ruhusa hata kumfukuza kuku. Shoka! Wamelala kitanda kimoja, wamekula meza moja, na hakulijua shoka wala mchele. Alijiuliza ni nani huyu aliyemwoa.

"Basi na huu hataula," alisema hatimaye, akaufungua mfuko na kuumimina wote kwenye beseni la kuku.

Mkono ukamsimama hewani. Mchele wake ulikuwa mpya, mweupe pe, wa mavuno ya juzi. Huu ulikuwa na rangi za kila namna: punje za zamani zilizogeuka manjano, shayiri kidogo, mtama kidogo, mchele wa nyumba nyingi uliochanganyika.

"Huu si wangu."

"Ni wake," In-bae alisema. "Kila akipika, anatenga konzi. Katika hicho hicho tunachompa. Ikijaa kopo namrudishia Mungu, namimina mtungini. Nilimwambia aache, ale ashibe, akasema yeye ndiye mwenye deni kuliko wote kijijini."

"Mtungini." Pil-rye alilitamka neno kama mtu anayejifunza lugha. "Halafu unapelekewa nani?"

In-bae aliangalia pembeni.

"Mzee. Unapelekewa nani?"

"Unakumbuka mwaka ule nilipovunjika nyonga, na mafuriko yakachukua mpunga wetu."

Alikumbuka, asikumbuke vipi? Asubuhi moja walikuta mlangoni gunia dogo la mchele kutoka kanisani, na wao hawana hata punje. Aliupika uji. Ulikuwa na shayiri kidogo, mtama kidogo. Alimlisha In-bae kwa kijiko, naye akala, akalamba hadi bakuli. Kisha Pil-rye akafumba macho, akaomba kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia: Bwana, mkono uliotoa chakula hiki, ubariki. Mbariki mtu huyu, umpe siku nyingi.

"Mungu wangu," Pil-rye alisema. "Mungu wangu! Nilimwombea!"

Alikaa chini, palepale kwenye udongo kati ya kuku. Hakulia. Alikuwa ameshikwa na bumbuwazi tu, kiganja kifuani, anautazama ule mchele kwenye beseni. Kuku mmoja alinyoosha shingo, Pil-rye akampiga teke bila kumwangalia. In-bae naye alikuja akakaa kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alimwita, "Mama Gyu-cheol." Akaitika.

Jioni alikwenda kupika. Akaingiza mkono kwenye pipa la mchele, akafumba konzi yake kama siku zote, na mkono ukagoma. Tangu akiwa msichana amefanya hivyo bila kufikiri, na leo vidole haviachii. Kutoa bila kujua ni rahisi, hata mti hutoa. Leo alijua konzi hii inakwenda kinywani mwa nani, na Bwana hakumwachia pa kujificha. Alirudisha mchele pipani. Wakala chakula baridi cha mchana.

Alfajiri kwenye maombi kila mtu aliomba kwa sauti kama ilivyo desturi, paa linatetemeka. Pil-rye peke yake alifunga mdomo. Mal-suk, midomo bado imevimba, alimchungulia kwa jicho moja, akalifumba haraka.

Jua lilipopanda, alikwenda kwenye pipa tena. "Haya, chukua," alisema, na kama alikuwa anasema na Pan-dol au na Mungu, hata yeye hakujua, ila sauti ilikuwa ya hasira. Akachota konzi moja, akatia mfukoni. Akachota nyingine. Ya tatu ilimtoka na kilio, kilio kikubwa cha kelele, na akaendelea kuchota huku analia hadi mfuko ukajaa. In-bae alisimama mlangoni.

"Nikupelekee?"

"Toka njiani," alisema.

Pan-dol alikuwa anageuza pilipili mkekani. Alipomwona alitaka kupiga magoti tena.

"Simama! Sina muda wa hayo." Pil-rye aliuweka mfuko ubarazani, pumzi zinampaa. "Sijakusamehe. Usije ukasikika mahali unasema nimekusamehe. Nimekuja kwa sababu nimeamriwa."

"Ndiyo, Mama Gyu-cheol."

Alitaka kumkataza asimwite hivyo. Hakumkataza.

"Unaujua mfuko huo?"

Pan-dol alikuwa ameuinua, ameushika kwa mikono miwili. "Hapana, mama. Mzee aliniletea Jumapili, mvua ilikuwa inanyesha. Nikaufua."

"Ni suruali yake ya shule."

Pan-dol alishusha macho kwenye kitambaa, akakiona kiraka cha gotini. Hakujua aushike au auweke. Mwishowe aliukumbatia kifuani.

"Sikujua," alisema.

"Mimi pia sikujua," Pil-rye alisema. "Umimine mchele, uufue. Jumapili uurudishe."

"Nitampa mzee akija..."

"Nimesema uurudishe wewe. Kwa miguu yako, kanisani, na konzi zako ndani."

"Watu watanitazama, mama."

"Watakutazama. Na mimi nitakutazama. Nadhani mimi ndiye nitakayekutazama vibaya kuliko wote." Aligeuka, akaanza kushuka. Alipofika kwenye mizinga alisimama, na bila kugeuza kichwa akapaza sauti:

"Na uvae soksi nene! Sakafu ya kanisani kule nyuma ina baridi."