Maji Yalivyofundishwa Kukaa

Usiku wa kuamkia Jumapili, mvua ikipiga bati, Kavata aliota korongo limekuja mlangoni kubisha hodi.

Hakushangaa. Korongo lile alilijua. Lilikuwa mfereji mdogo wa kurukwa na kuku mwaka alioolewa na Muthoka, huko kwenye vilima vya Machakos. Mvua baada ya mvua likapanuka. Likala shamba la mbaazi, likala njia ya kisimani, na sasa lilikuwa limekaribia ukuta wa jikoni. Jioni ile Muthoka alikata shauri: kukicha wang'oe mabati, wahamie kwa kaka yake tambarare. Kavata alilala na hasira yake.

"Karibu," alisema ndotoni.

Korongo likaingia, likaketi kwenye kigoda. Kwa kuwa lilikuwa refu, sehemu yake kubwa ilibaki nje.

"Habari za hapa, Mama Ndinda? Nimekuja kula nyumba."

"Yote?"

"Naanza na jikoni. Mimi sina haraka, wenye haraka ni maji. Na sheria yangu ni moja tu: maji yakikimbia, nakula."

"Yakitembea?"

"Nashinda njaa."

"Na yakikaa?"

Korongo likatazama sakafu. "Hilo," likasema, "sijawahi kuulizwa."

Kavata anajifunga leso kiunoni, anafungua mlango atoke uani, na uani hakuna. Yuko kileleni, jua la adhuhuri. Mwamba mkubwa umelala chali, unahema. Kushoto ameketi Joto, kulia ameketi Baridi, wakunga wawili waliokunja mikono ya nguo. Joto akiukanda mwamba, unavimba. Baridi akiugusa, unajikunyata na kupasuka. Mzizi wa mkuyu umeshatia kidole kwenye ufa na unapanua.

"Sukuma," anasema Baridi.

Mwamba unasukuma. Inatoka punje moja ya mchanga. Wakunga wanapiga vigelegele.

"Hongera," anasema Kavata. "Nimekuja kuomba udongo. Shamba langu limeliwa."

Mwamba unafuta jasho. "Mwanangu, hii ni punje. Bado mvua iilainishe, majani yaoze juu yake, minyoo iimeze na kuitema. Kitukuu wa kitukuu wako akija na kijiko, huenda nikamjazia."

"Kwa hiyo nirudi mikono mitupu?"

"Mimi nimekuzalia tangu zamani. Wale niliokuzalia wako wapi?"

Kabla hajajibu, kilele kimekuwa ukingo wa mto Athi. Udongo wa shamba lake unapita mbele yake, mwekundu, umejitwika mizigo kama watu wanaohama. Anautambua mara moja. Ndani yake bado mna maganda ya mbaazi zake.

"Mnakwenda wapi?"

"Baharini, Mama Ndinda. Maji yametushika mkono na hayaachii."

"Rudini nyumbani!"

"Tulipapenda," unasema udongo bila kinyongo. "Lakini tukirudi tutaegemea nini? Kule ni mteremko mtupu, hakuna hata kizingiti."

Kavata anaingia mtoni mpaka magotini. Anaufikiria mlango ambao kesho utang'olewa, na jiko lake analolipaka majivu kila Jumamosi. Amechoka kuhamishwa kidogo kidogo na kitu kisichokuwa na miguu. Anafungua leso kiunoni, anaitandaza kukinga mkondo. Kisha anataja jina ambalo wakulima wa vilima vile hulipatia tuta la kuzuia maji, lenye udongo uliochimbwa na kutupwa upande wa juu. Analitaja kwa sauti ya kuitia ng'ombe.

"Fanya juu!"

Udongo unafanya juu. Unageuka, na mizigo yake yote, unaanza kupanda. Mto unasimama wima, kumbe ni mteremko wa shamba lake. Udongo unafika kwenye leso, unaegemea, unashusha pumzi.

Maji yanakuja mbio kutoka juu, yanajikwaa.

"Sasa sisi tukae wapi?"

"Hapo hapo. Kwani mlikuwa mnakimbilia nini?"

Maji yanatazamana. Hakuna anayekumbuka. Yanakunja miguu, yanakaa, halafu yanazama ardhini taratibu, kama wageni wanaoingia chumbani kulala.

Kavata anatandaza leso ya pili, ambayo hakuwa nayo, na nyingine chini yake, na nyingine, hadi mlima mzima umekuwa ngazi. Kila ngazi udongo unapanda, kila ngazi maji yanakaa. Kule kileleni Mwamba unauliza kelele hizo ni za nini.

"Wanao wamerudi," anajibu Joto.

Mwamba, ambao haujawahi kulia tangu ulipokuwa moto, unatoa chozi moja, na chozi lenyewe linakaa.

Ndipo korongo linapofika, limekonda kama mkanda.

"Mama Ndinda, nina njaa."

"Pole. Kuna nyasi."

"Mimi? Nyasi?"

"Mdomo si unao?"

Korongo linainama, linatafuna. "Si mbaya," linakiri.

"Mama Ndinda! Hebu njoo!"

Ilikuwa sauti ya Muthoka. Kulikuwa kumekucha, mvua imekatika. Kavata alimkuta mumewe nyuma ya jikoni, nyundo mkononi, hajang'oa hata msumari.

"Mvua yote ile," alisema Muthoka, "na korongo halikusogea hata kidole."

"Nimeona."

"Na hii je?"

Nyasi zote za ukingoni zilikuwa zimetafunwa, nusu duara, upana wa mdomo mmoja mkubwa. Mbuzi hawakuwa nao, wala ng'ombe. Kwenye tope hapakuwa na alama ya kwato.

"Ni nani aliyekula hapa?" Muthoka aliuliza kwa sauti ya chini.

Kavata alikuwa ameshaanza kupanda mteremko, jembe begani.

"Weka nyundo, Baba Ndinda," alisema. "Lete jembe lako. Hatuhami."