Dereva wa Ng'ombe na Datsun ya Gichuru

Kwa miaka minne Gichuru alikuwa akijenga gari moja. Alikuwa fundi mwenye gereji yake pale Kitengela, na Datsun hiyo aliinunua ikiwa mzoga, imelala juu ya mawe huko Isinya, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Aliifungua hadi skrubu ya mwisho, akaijenga upya. Ekseli ya nyuma aliihamisha na kuifunga kwa vyuma alivyovipima mwenyewe, kwa hesabu alizojifunza katika masomo ya jioni akiwa tayari mtu mzima mwenye watoto.

Mara mbili alishindana nayo katika mbio za magari za klabu kwenye mbuga za Kajiado. Mwaka wa 1995 akawa wa mwisho. Mwaka uliofuata akawa wa pili kutoka mwisho, tena kwa sababu mwenzake aligonga kichuguu. Kila mara alirudi nyumbani na kubadilisha kitu: kabureta, giaboksi, magurudumu.

"Kuna kitu moja hujabadilisha," mkewe Wanjira alimwambia.

"Gani?"

"Dereva, Baba Kui."

Hakucheka. Imani yake ilikuwa kwamba gari ndilo hushinda, na dereva ni wa kushika usukani tu. Gari zuri, alizoea kusema, hata ukiliwekea gunia la viazi litafika.

Jumamosi moja mwaka wa 1997, siku moja kabla ya mashindano, walilipeleka gari nje ya Isinya kujaribu shokamsoba mpya za kupunguza mitikisiko. Kulikuwa na njia ya vumbi ya kilomita kumi na mbili, iliyozunguka kupitia mto mkavu na kurudi ilikoanzia. Wanjira alikuwa na fomu ya mashindano mkobani. Ilitakiwa kufika Kajiado kabla ya saa kumi na moja jioni. Abdijabar naye alifuatana nao. Kazi yake ilikuwa kubeba ng'ombe kwa lori kutoka Loitokitok hadi kichinjio cha Kitengela, na lori hilo lilikuwa gereji kwa Gichuru likingoja springi.

Gichuru akazunguka, akarudi akitokwa jasho. Dakika tisa na sekunde arobaini. Shokamsoba mpya zilikuwa zimempunguzia sekunde nne tu.

"Itabidi nishushe injini tena," alisema.

"Mchagua jembe si mkulima," akasema Abdijabar, akisugua meno kwa mswaki wa mti.

"Na mkulima bila jembe atalima na kucha? Wewe ni dereva wa ng'ombe. Nyamaza."

"Ni kweli, fundi. Lakini ng'ombe hawafungi mshipi. Wanasimama mpaka Kitengela. Nikikata kona vibaya, moja inaanguka, zingine zinaikanyaga, na mwenye ng'ombe hataki kusikia habari ya kona. Wewe abiria wako ni nani? Spana?"

Wanjira alicheka hadi akaegemea gari. "Mwache aendeshe, Baba Kui. Mara moja tu."

Gichuru alitaka kukataa, lakini kukataa kungekuwa sawa na kukubali kwamba dereva ni kitu cha maana. Akaketi kiti cha kushoto, saa ya kupimia mkononi. "Ukiivunja, utarudi Loitokitok kwa miguu, wewe na ng'ombe zako."

Mzunguko wa kwanza Abdijabar aliendesha taratibu kama mtu anayepeleka mgonjwa hospitali, dirisha wazi, kichwa kimeinama kusikiliza. Walipofika walikoanzia alisema, "Bismillahi," akakanyaga mafuta.

Gichuru alijikaza akingoja makelele. Alipoendesha yeye, mawe yaligonga chini, gia zililia, usukani ulimpiga vidole gumba. Sasa hakusikia ila injini, sauti moja ndefu isiyokatika. Kwenye kona ya migunga Abdijabar alishika breki mapema, mapema mno, Gichuru akataka kumkemea. Kisha Abdijabar akangoja kidogo, uzito wote ukatulia juu ya magurudumu, kama ng'ombe wanaopanga miguu yao, ndipo akageuza. Gari likapinda bila kutupwa. Swala waliinua vichwa, na kabla hawajaamua kukimbia, gari lilikuwa limeshapita.

Gichuru alijua kila skrubu iliyokuwa ndani ya gari lile, lakini gari lenyewe alikuwa hajawahi kukutana nalo. Alikuwa kama baba anayemkuta binti yake akihutubia umati, akabaki kujiuliza sauti ile ameitoa wapi.

Mtoni gari liliteleza ubavu. Gichuru aliona ukingo wa udongo ukija mlangoni kwake, kisha hakuona tena. Alisikia tu sehemu ya nyuma ikijivuta, ikishika changarawe, ikiwasukuma juu hadi ng'ambo. Likapaa, likashuka kwa upole kama mtu anayeketi.

Walipofika alibonyeza saa. Akaitazama. Akaitazama tena. Dakika nane na sekunde thelathini na moja.

Abdijabar hakushuka. "Fundi, pale mtoni nilikosea. Niliingia na speed mingi. Lori yangu ingelala. Hii gari imenirudisha yenyewe. Hiyo ekseli ya nyuma, nani alifunga?"

"Mimi."

"Wallahi," Abdijabar alisema polepole, akauweka mkono juu ya dashibodi, akauacha hapo.

Wanjira alikuja mbio. "Ngapi?"

Saa ilikuwa kiganjani mwa Gichuru, na hakuna mwingine aliyekuwa ameiona. Angeweza kusema tisa na arobaini. Kesho angeketi yeye kwenye usukani mbele ya Kajiado yote, kama alivyoota miaka minne. Lakini akisema hivyo, gari lake halingekimbia vile tena yeye akiwa ndani.

"Nane, thelathini na moja," alisema.

Abdijabar alitazama magoti yake.

"Toa hiyo fomu, Mama Kui. Dereva, andika Abdijabar. Mimi niandike navigeta."

"Unajua kusoma ramani, mzee?" Abdijabar aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo.

"Nitajifunza." Gichuru akavuta mshipi wake, akaufunga upya. "Lakini kwanza nirudishe mtoni. Nataka kuona hiyo ekseli ilifanya nini. Nilikuwa nimefunga macho."