Mtambo Uliozibwa Mdomo

Katika Ufalme wa Sembura hakuna kilichofanywa kwa mkono ikiwa mtambo ungeweza kukifanya. Mtambo ulisaga unga, mtambo ulipiga kengele za asubuhi, mtambo ulifungua na kufunga malango ya Bwawa Kuu, lililokuwa juu ya mji wa Bondeni. Na kila mtambo uliishi kwa vifurushi. Kifurushi kilikuwa sahani chache za shaba zilizochorwa maagizo na kufungwa kwa kitambaa cha buluu, zikiwa na jina na namba ya toleo. Sahani ya kwanza ilitaja wenzake: nafanya kazi na kifurushi fulani, cha toleo fulani. Mwenzake asipokuwepo, mtambo ulisimama, ukatoa utepe wa karatasi mdomoni na kueleza kwa adabu kilichopungua. Haukuwa na hasira wala woga. Ndiyo maana mafundi waliupenda, na ndiyo maana wakubwa hawakuupenda sana.

Palikuwa na desturi. Kila mwaka, siku aliyozaliwa Mfalme, ilifanyika Siku ya Kupandisha. Mfalme alichagua kifurushi kimoja, namba yake ikapandishwa kwa ngoma na vigelegele, na vyote vya namba ya zamani vikayeyushwa uwanjani mbele ya watu, ili mtu asije akasema jana palikuwa na kitu bora kuliko leo. Kurudia toleo la nyuma kulihesabiwa kuwa uasi wa daraja la pili. Uasi wa daraja la kwanza ulikuwa kuuliza kwa nini.

Mwaka mmoja ilifika zamu ya Mizani, kifurushi kinachopima maji bwawani. Mizani ya Nne ilihesabu kutoka chini kwenda juu, kama mtu yeyote anavyojaza mtungi. Lakini mshauri mmoja wa Mfalme aliona ni aibu bwawa la Mtukufu kuanza kuhesabiwa matopeni. Mizani ya Tano ikaanzia juu, mahali pa heshima, ikashuka. Bwawa likijaa pomoni, ilisoma sifuri. Hakuna aliyedhurika, kwa sababu Malango ya Sita yalikuwa kazi ya fundi mzee aliyeona mbali. Yaliweza kusoma Mizani zote mbili. Mzee huyo alikufa mwaka uleule, na kazi yake ikarithiwa na mwanafunzi wake, Fundi Sikudhani.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Malango. Toleo la Saba lilitengenezwa ndani ya Ikulu na mpwa wa Waziri wa Matoleo. Sikudhani alilipokea kwa mikono miwili, akayeyusha la Sita kama alivyoamriwa, akapandisha sahani mpya mtamboni. Mtambo uliguna, ukasimama. Utepe ukatoka:

KOSA. MALANGO YA SABA YANAHITAJI MIZANI YA NNE. ILIYOPO NI MIZANI YA TANO.

Malango yakabaki nusu wazi. Masika yalikuwa yamewahi mwaka huo, na maji yaliyoingia bwawani yalizidi kidogo yale yaliyotoka.

Jioni alishuka Bondeni, nyumbani kwa mumewe Shomari, mfinyanzi, ambaye tanuri lake lilikuwa jengo la kwanza chini ya ukuta wa bwawa. Shomari alimwona tu akajua.

"Mke mwenzio ameamka vibaya leo?" Ndivyo alivyouita mtambo.

"Amegoma. Anataka kitu tulichokiyeyusha mwaka jana."

"Hana makosa. Hata mimi nataka vitu vya mwaka jana. Nilikuwa na meno mawili zaidi." Akamsogezea sahani ya wali. "Kula kwanza. Kesho nenda Ghala Kuu, watakupa."

Mtunza Ghala alikuwa mtu mpole ambaye maisha yake yote alikuwa akisema hapana bila kulitamka neno lenyewe.

"Bi Fundi, Mizani ya Nne sina. Lakini sikuachi mikono mitupu. Nina Kiunganishi. Hiki kinageuza hesabu za Tano ziwe kama za Nne."

Sikudhani alikipeleka bwawani, akakipandisha. Utepe ukasema Kiunganishi kinahitaji Mnyororo wa Tatu. Akarudi Ghalani, mwendo wa nusu siku.

"Mnyororo wa Tatu ninao, karibu sana," alisema Mtunza Ghala, akaufunga vizuri kwa kitambaa.

Utepe ukasema Mnyororo wa Tatu unakubali Malango hadi ya Sita, si zaidi. Akarudi tena. Miguu ilikuwa imevimba.

"Basi nipe Malango ya Sita," alisema. "Nirudi yalipokuwa yanafanya kazi. Mvua ikiisha nitapandisha hata ya Ishirini mkitaka."

Mtunza Ghala aliinuka akafunga dirisha, ingawa nje hapakuwa na mtu.

"Dada yangu," alisema, "neno hilo sijalisikia. Na wewe hujalisema. Nenda barazani, ukaombe kwa adabu."

Baraza lilimsikiliza siku ya nne. Mfalme aliketi juu, mzito na mwenye usingizi, Waziri wa Matoleo kulia kwake. Sikudhani alisoma tepe zote tatu. Aliposema maji yamebakiza urefu wa mtu mmoja kufika ukingoni, washauri wawili waliandika kitu, na mmoja akapiga mwayo.

"Mtukufu Mfalme," alisema Waziri, "nimemsikia huyu mama kwa huruma. Lakini Malango ya Saba yanafanya kazi. Tunayatumia hapa hapa, kwenye chemchemi ya bustani. Twende akaone."

Baraza zima likatoka bustanini. Palikuwa na mtambo mdogo uliopakwa dhahabu. Waziri akaubonyeza kwa kidole kimoja. Lango dogo likafunguka, maji yakaruka juu, washauri wakapiga makofi.

"Umeona? Kwetu hapa linafunguka. Labda tatizo ni mkono wa fundi."

"Labda ni hewa ya Bondeni," alisema mshauri aliyependa kuchekesha, na wengine wakacheka.

Sikudhani hakucheka. Aliinama, akauchukua utepe uliokuwa umetoka mdomoni mwa mtambo mdogo na kuangukia kwenye nyasi. Ulisema: MALANGO YA SABA. MIZANI YA NNE. SAWA.

Alihisi furaha ambayo baadaye aliionea aibu.

"Ipo!" alisema. "Mtukufu Mfalme, Mizani ya Nne ipo hapa. Niazimeni siku moja tu. Nitachora nakala, nitairudisha na kitambaa chake."

Makofi yalikoma. Mfalme akafumbua macho kabisa kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Waziri," alisema, "ndani ya nyumba yangu kuna kitu cha zamani?"

"Hakuna, Mtukufu. Haiwezekani. Ziliyeyushwa zote, nawe mwenyewe uliwasha moto."

"Kweli niliwasha."

"Basi Bi Fundi," Waziri alimgeukia taratibu, "unadai Mtukufu alihadaa watu wake uwanjani?"

"Sidai mimi, mheshimiwa. Utepe ndio unaosema."

Waziri alifikiri, kisha uso wake ukatulia kama mtu aliyeona njia.

"Ahaa. Basi tatizo ni utepe."

Hapo ndipo amri ilipoandikwa, na wote walioiandika walikuwa wasomi. Kwanza, namba ya Mizani ya Tano iliyoko bwawani ikwanguliwe na pachorwe Nne, ili mtambo uridhike. Pili, mdomo wa mtambo uzibwe kwa nta, kwa kuwa maneno yake yanatia watu hofu isiyo na faida. Tatu, tangazo libandikwe Bondeni: kosa limeondolewa.

Karani alitumwa bwawani pamoja na Sikudhani, akiwa na patasi na kibonge cha nta. Njiani alimweleza habari za harusi ya dada yake. Walipofika, alikwangua namba, akachora nyingine, akamkabidhi sahani.

"Pandisha, Bi Fundi."

"Ukibadilisha jina la mtu, hajawa mtu mwingine. Hii inahesabu kutoka juu. Malango yataambiwa bwawa ni tupu."

"Mimi sijui kuhesabu maji, mama. Najua nimeagizwa nirudi na habari njema. Usipopandisha wewe, ataletwa mwingine, naye ataharibu zaidi."

Angeweza kukataa. Miaka iliyofuata hakujidanganya juu ya hilo. Lakini alikuwa amechoka, na alijiambia kwamba akiwa pale, jambo likiharibika atakuwa wa kwanza kuliona. Akapandisha sahani. Utepe ukatoka: SAWA. Karani akashangilia. Kisha malango, yaliyokuwa nusu wazi, yakaanza kushuka. Yalishuka polepole, yakafunga kabisa, kama inavyostahili bwawa lililo tupu.

"Unaona yanavyotii?" alisema karani, akauziba mdomo kwa nta. Kutoka mfukoni akatoa barua nyingine. Fundi asiyeuamini mtambo wake hafai kukaa nao. Sikudhani apumzishwe mwezi mmoja. Askari wawili wakasimama mlangoni pa chumba cha mtambo.

Alishuka Bondeni na kupita nyumba kwa nyumba. Wengine walifunga mizigo. Wengine walimwonyesha tangazo ukutani, lenye muhuri. "Mwalimu wa watoto ametusomea," alisema mwanamke mmoja, bila ubaya. "Limeandikwa kosa limeondolewa. Isije ikawa umekosea wewe, mama?"

Shomari alimwamini, ila alikuwa amewasha tanuri. Vyungu vya msimu mzima vilikuwa ndani, na moto wa tanuri hukaa siku tatu. Ukiachwa, vyote hupasuka.

"Kesho saa tano nafungua," alisema. "Nikitoa vyungu nakufuata kwa dada yako mlimani. Naapa."

"Shomari, achana na vyungu."

"Wewe ungeuacha mtambo wako?" Akamfuta majivu shavuni, ambayo mwenyewe ndiye aliyempaka. "Kesho saa tano. Wewe panda asubuhi ukawasumbue wale askari. Wewe unajua kusumbua."

Alipanda asubuhi. Maji yalikuwa yanalamba ukingo. Aliwapigia magoti askari. Mmoja wao, kijana wa Bondeni, alikuwa analia.

"Bi Fundi, ufunguo hatunao. Wameuchukua Ikulu. Ningekuwa nao ningekupa, wallahi."

Ndani, mtambo ulikuwa unanguruma kwa sauti ambayo Sikudhani hakuwahi kuisikia, kama mtu anayetaka kusema huku ameshikwa mdomo. Alipiga mlango kwa ngumi mpaka damu ikamtoka. Saa nne kasoro robo ukuta uliachia upande wa kushoto. Kutoka pale juu aliuona moshi wa tanuri. Kisha hakuuona.

Tume ya Mfalme ilikaa siku tisa. Iliona kwamba utepe wa mwisho uliosomwa ulisema SAWA, kwa hiyo kosa halikuwepo. Lawama zote ziliangukia mvua. Chemchemi ya bustani haikukauka hata siku moja, na Siku ya Kupandisha iliyofuata Malango yalifika toleo la Nane, ingawa bwawa la kuyatumia halikuwepo tena.

Mtambo wenyewe ulipatikana chini bondeni, umefukiwa na tope hadi shingoni. Sikudhani na yule askari kijana waliufukua kwa majembe. Alipokwangua nta mdomoni, utepe ulitoka wenyewe, ukiwa umejikunja ndani kwa siku zote zile, mrefu kuliko kamba ya kisima. Ulikuwa na maneno yaleyale, mstari baada ya mstari:

LANGO LIMEELEMEWA. MIZANI INASEMA BWAWA TUPU. SIELEWI. FUNDI AITWE.

Waliobaki wa Bondeni sasa wanakaa mlimani. Siku ya Kupandisha ngoma za Ikulu husikika hadi kule. Wao hukaa chini, wakapokezana ule utepe mkono kwa mkono, kila mmoja akasoma mstari mmoja. Hawajapanga lolote. Hawana la kufanya, na wanajua. Husoma tu, ili pawe na watu wanaojua kwamba ilisemwa.

Na kila mstari ukifika mwisho, kwenye yale maneno mawili, mwanamke aliyekaa nyuma kabisa, chungu kilichopasuka mapajani, huitika kwa sauti ndogo:

"Abee."