Kilomita Tano Zilizokuwa Kumi na Tisa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi karani wa mapokezi alikuwa ameshapanga meza yake nje ya lango la hospitali: kopo la pini mkono wa kulia, daftari katikati, na mkono wa kushoto kadi mia moja na nane za wanawake waliojiandikisha kukimbia, wote wamejifungua katika wodi ya wazazi mwaka uliopita. Zilikuwa kadi zile zile walizoandikiwa siku walipofika na uchungu. Karani huyu si mtu wa kutupa karatasi. Kamati ya Mbio za Shukrani ilipomwagiza atafute vipande vya kuandikia namba, alikwenda kabatini, akazitoa kadi za wazazi, akaandika namba kwa nyuma kwa kalamu nene, akaona amefanya jambo la maana. Kila mama angekimbia na kadi yake mwenyewe, kisha aende nayo kwake iwe kumbukumbu.

Namba thelathini na sita ilikuwa ya mwanamke mrefu, mwembamba, ambaye kazi yake ni kushona midomo ya magunia katika ghala la nafaka kule machimboni. Wenzake ghalani humwita Sindano, kwa umbo na kwa kazi. Alikuwa amevaa raba za mumewe, mgonga kokoto, na mbele ya vidole alikuwa amesokomeza vitambaa ili zisimtoke. Mkwewe, mama wa mumewe, alisimama kando na mtoto mgongoni, mtoto wa miezi kumi na mmoja, mwenye meno mawili na hamu ya kung'ata kila kinachopita. Walikuja mjini na lori la nafaka lililoondoka machimboni alfajiri. Lori hilo huja mjini Jumamosi tu. Siku nyingine mtu wa machimboni ana miguu yake.

"Ukichoka, tembea," mkwe alimwambia huku akimbana namba kwa pini kifuani. "Hakuna anayekufukuza."

Sindano hakuja kutafuta kikombe. Alikuja kushukuru kama wenzake, na zaidi ya hapo alikuwa na swali. Mtoto wake alizaliwa kimya, rangi ya zambarau. Mkunga alimpangusa, akamsugua mgongo, akampulizia pumzi, wapi. Kisha akainama, akamnong'oneza sikioni maneno machache, hayafiki hata matano, na mtoto akalia. Kabla Sindano hajafungua mdomo kuuliza, mkunga alishaitwa kitanda cha jirani, na baada ya saa nne Sindano mwenyewe aliombwa ashuke kitandani, maana kuna mwenzake anangoja sakafuni.

Tangu hapo akawa anashona magunia na swali hilo. Mkwe alisema ile ilikuwa dua. Mume alisema pengine mtoto alitishwa tu. Mwanamke mmoja wa ghalani alisema wakunga wana neno lao, na hawalitoi hata ukiwachemsha. Sindano hakuwa na la kufanya na jibu. Alitaka kujua, kama mtu anavyotaka kujua kilichomo katika gunia lililokuja limeshafungwa. Na kama si siku hiyo, basi tena, kwa sababu mkunga alikuwa anastaafu. Angewapokea wakimbiaji kwenye utepe wa kumalizia, na saa nne kamili gari la hospitali lingempeleka kwao, safari ya siku mbili, pamoja na kabati lake na viti vyake vinne.

Njia ya mbio ilikuwa kutoka langoni, kona ya duka la dawa, kuzunguka mlingoti wa bendera wa shule, na kurudi. Kilomita tano. Mpima barabara aliipima mara mbili kwa lile gurudumu lake lenye mpini, linalogonga tik kila mita moja, na mara zote mbili ilikuwa tano. Asubuhi hiyo alipewa kazi ya kumfuata mkimbiaji wa mwisho, ili asipotee mtu.

Filimbi ilipolia, mke wa mganga mkuu alipiga hatua kama mia tatu, akakata kona ya duka la dawa, akajikuta kwenye utepe. Mpiga filimbi alikuwa bado hajairudisha mfukoni.

"Nimeshafika," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Wakampa kiti.

Nyuma yake waliingia walimu wawili wa shule ya jirani, kisha mke wa mwenye duka la dawa, ambaye hakuwa hata ametokwa jasho. Wengine walipofika konani walitawanyika kama maji yanapokuta mifereji. Mmoja alielekea kwenye mashamba, mmoja kwenye mto, mmoja kwenye kilima ambacho kwa kawaida hakionekani kutoka mtaa ule. Walipungiana mikono na kuendelea.

Sindano alikuwa wa mwisho kwa sababu ya zile raba. Alikata kona, mpima barabara akakata nyuma yake, na wote wawili wakawa machimboni. Vumbi jeupe lilikuwa limeshaanza kupanda na nyundo zilikuwa zinalia. Mume wa Sindano alikuwa ameketi juu ya rundo lake la kokoto.

"Mbona umerudi mapema?" aliuliza.

"Bado nakimbia."

"Haya. Maji yamo kwenye dumu."

Sindano akanywa, akampa na mpima barabara, akageuza uso kuelekea mjini.

Mpima barabara alitazama gurudumu, akalitikisa, akalitazama tena. Kisha akaomba, kwa adabu, aione ile kadi upande wa ndani. Sindano akaigeuza bila kuitoa pini. Mpima barabara alisoma: ametoka: machimboni; usafiri: miguu; mwendo: kilomita kumi na tisa; muda: saa tano na nusu.

"Basi ndiyo hiyo," alisema. "Barabara imesoma kadi."

"Karani yule ana mwandiko mzuri," Sindano alisema, wakaanza kukimbia.

Mpima barabara ni mtu wa kupenda kujua. Njiani aliuliza hiki na kile, na Sindano alijibu kila pumzi ilipomruhusu. Kwenye kalvati alimwonyesha mahali alipoketi mara ya kwanza siku ile ya uchungu. Penye jiwe la rangi nyeupe ndipo chupa ilipopasuka na mkwe akamfunga nguo yake kiunoni. Mbele kidogo alitapika. Mpima barabara akatoa penseli ya sikioni na kuandika kwenye kitabu chake cha barabara, pale pale anapoandika mashimo: kilomita ya nne, aliketi; ya saba, chupa; ya nane, alitapika. Sindano naye alikuwa anatazama huku na huku. Siku ile hakuona kitu zaidi ya vidole vya miguu yake. Kumbe daraja lina mbao kumi na moja, na moja imewekwa kinyume. Kumbe kuna nyumba ya mfuga nyuki yenye mlango wa buluu. Alifurahi kuvijua.

Maziwa yalianza kumtoka kilomita ya kumi na kulowesha namba. Hesabu yake ilikuwa nzuri: kwa mwendo ule angefika saa tatu na nusu, ampe mkunga mkono, aulize.

Kilomita ya kumi na moja walimkuta binti amekumbatia nguzo ya kibao cha barabara, kifurushi kichwani, macho ameyafumba. Alikuwa amevuka machimbo alfajiri, lori lilipokuwa limeshaondoka. Mumewe alikuwa kazini mbali. Binti hakuwa na namba wala kadi. Alikuwa anakwenda hospitali tu, kwa njia ya siku zote.

Uchungu ulipomwachia alifumbua macho, akamtazama Sindano, raba, namba na mtu wa gurudumu.

"Dada, unakimbia nini?"

"Nakimbia kuishukuru hospitali."

Binti akacheka mpaka akashika kiuno. "Ukifika niwekee nafasi."

Mpima barabara akampigia karani simu. Karani alijibu vizuri kabisa. Gari lipo, zima, lina mafuta, ila usiku kucha lilikuwa linasomba viti na spika za sherehe, na sasa linapakiwa kabati la mkunga. Jingine hakuna, hospitali nzima hutumia hilo hilo. Akasema waje tu taratibu, wasijichoshe.

Sindano alilitazama jua. Miguu ilikuwa bado ina nguvu, na saa nne haikuwa mbali. Alisimama hivyo kwa muda ambao mtu huchukua kupitisha uzi tunduni. Kisha akachukua kile kifurushi, akakitundika kwenye mpini wa gurudumu, akapitisha mkono wa binti shingoni kwake.

"Hatua kumi, kisha tunapumzika," alisema. "Nahesabu mimi."

Kwa binti barabara haikurefuka wala haikupungua. Mpima barabara aliangalia makusudi. Ilikuwa kilomita nane, na ikabaki kilomita nane. Waliketi kila alipotaka kuketi. Saa nne ilipita wakiwa kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali. Sindano aliisikia ikipita, akaendelea kuhesabu. Baadaye lori la nafaka liliwapita likirudi machimboni. Dereva alipiga honi kuwasalimu.

Huko kwenye utepe, saa nne kamili, dereva wa gari la hospitali aliwasha injini. Mkunga alikuwa ameketi mbele, koti begani. Mkwe wa Sindano alisogea dirishani, akampa mkunga yule mtoto ampakate kidogo, ili yeye afunge kiatu. Kisha akazunguka, akaketi chini mbele ya tairi, akavua viatu vyote viwili. Dereva alimwambia, bibi, tunachelewa. Mkwe alisema kamba za viatu zina mambo yake. Alizichomoa zote na kuanza kuzipitisha upya, tundu moja moja. Ilipofika saa tano dereva alimkumbusha tena.

"Mwanangu," mkwe alisema, "nina miaka sitini na minne nafunga viatu. Siwezi kuharakishwa leo."

Dereva akazima injini. Mtoto alikuwa amepata kidole cha mkunga na anaking'ata.

Sindano, binti na mpima barabara waliingia saa sita na nusu. Utepe ulikuwa umeshakunjwa. Gurudumu lilionyesha kumi na tisa, kasoro mita tatu. Karani aliinuka amwandikie mgeni kadi, lakini mkunga alikuwa ameshamwona kutoka garini anavyokanyaga. Alimrudishia mkwe mtoto wake, akashuka. Mganga mkuu alimkumbusha kwamba kwa mujibu wa barua kazi yake ilikwisha saa nne. Mkunga aliuliza zamu ni ya nani. Akaambiwa yuko mmoja tu, yumo chumbani na wawili, na yule mpya atakuja mwezi ujao au unaofuata. Mkunga akakunja mikono ya gauni lake la safari na kwenda kunawa mpaka kwenye viwiko.

Mtoto alitoka saa saba na nusu, wa kike, kimya, rangi ya zambarau. Sindano alikuwa ameshikwa mkono na binti mpaka vidole vimekufa ganzi. Aliona mkunga anapangusa, anasugua, anapuliza. Aliona anainama sikioni. Mtoto akalia.

Mkunga alipokuwa ananawa tena, Sindano akamsogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa yule mwenye viatu."

"Ni mkwe wangu. Mwaka jana ulinizalisha hapa. Mtoto naye alinyamaza hivi hivi, ukamwambia kitu. Nimekuja kushukuru, na kuuliza ulimwambia nini."

Mkunga hakuona swali la ajabu. Alisema yule hasa hamkumbuki, siku nyingine hupokea kumi na tano, lakini wote huwaambia kitu kimoja.

"Nawaambia pole na safari," alisema. "Mtu ametoka huko alikotoka, anakuta taa na makelele, wala hakuna aliyemkaribisha. Ningekuwa mimi ningenyamaza vile vile."

Sindano alilipokea jibu, akaligeuza, akaona linaingia.

"Na sisi?" aliuliza. "Mama zao?"

Mkunga alifikiri, taulo mkononi. "Ninyi," alisema, "sijawahi kupata nafasi." Akavaa koti lake, akaagwa, akapanda gari, na safari hii mkwe alikuwa ameshavaa viatu.

Kamati ilikutana hapo hapo chini ya turubai. Mpima barabara alisoma taarifa yake, aliyoitoa kwenye kadi: kwa mmoja barabara mita mia mbili na themanini, kwa mwingine kilomita kumi na tisa, kwa wanne kati yao mto umo njiani. Wajumbe walisikiliza vizuri. Mwenyekiti alisema mbio moja haiwezi kuwa na barabara mia moja na nane, haileti picha nzuri, na ikapitishwa kwa kauli moja kwamba mwaka ujao zinunuliwe kadi mpya, zisizo na maandishi. Karani aliomba radhi kwa usumbufu. Wakampigia makofi mke wa mganga mkuu, akachukua kikombe huku anatazama chini.

Sindano alimnyonyesha mwanawe, akamfunga mgongoni, na wakaanza kurudi machimboni yeye na mkwe wake, kwa miguu, kwa kuwa lori lilishaondoka. Raba alizivua akazining'iniza shingoni. Njiani mkwe aliuliza kama jibu lilikuwa dua. Sindano akamwambia lilivyokuwa, na mkwe akasema, basi, si mbali na dua.

Kabla ya kiwanda cha matofali walikutana na mwanamke mwenye uchungu anakuja, amemshika dada yake bega. Mbele ya daraja wakakutana na mwingine, peke yake, anatembea akiegemea fimbo. Sindano alimwambia kila mmoja pole na safari, na kila mmoja akaitikia, akasimama kupumua, akauliza kama amekaribia.

Akawaambia bado.